Jinsi ya Kuandaa Jioni ya Kodiani Nakuru: Mwongozo kwa Klabu Ndogo

Klabu ya kodiani isiyo na jioni ya maonyesho haikawii kufifia. Watu hukutana Jumamosi, wakafunzana, wakacheka, kisha mmoja anapata kazi Naivasha, mwingine anasema atarudi mwezi ujao, na baada ya muda kodiani zimebaki juu ya kabati. Mpe mtu tarehe na wasikilizaji, naye ataishika kodiani yake kila usiku.

Mwongozo huu ni wa wapigaji wasiolipwa: mwalimu mstaafu, kijana wa juakali, mama wa kwaya, mwanafunzi wa kidato cha pili. Kila ninachoshauri hapa nimekipima kwa mtu mmoja, yule anayejua wimbo mmoja tu na ambaye mikono itamtetemeka. Mambo yakipangwa yeye astarehe, fundi aliyezoea hatakosa kitu. Yakipangwa kwa ajili ya fundi, yule wa wimbo mmoja hatarudi tena.

Kwanza, zijue kodiani mlizonazo

Kabla ya kutangaza tarehe, kusanyeni kodiani zote mahali pamoja mzikague. Mtakutana na aina mbili hasa. Kuna ile ndogo ya vitufe, ambayo kitufe kimoja hutoa sauti moja ukivuta na nyingine ukisukuma. Ndivyo ilivyokuwa kodiani ambayo Cyrill Demian aliiandikishia hataza kule Vienna mwaka 1829. Na kuna ile ya piano, yenye vibao vyeupe na vyeusi upande wa kulia na vitufe vya besi kushoto, ambayo sauti yake haibadiliki uvute au usukume. Iliyo kamili ina vibao 41 na besi 120, na uzito wake hupita kilo kumi. Msimvishe mtoto hiyo. Mtafutieni ya besi 48 au chini ya hapo, hata kama ni ya kuazima.

Tofauti hii ina uzito katika kupanga jioni. Kodiani ndogo imejengwa na doh yake, yaani sauti yake ya msingi, kiwandani, na huwezi kuihamisha usiku wa onyesho kwa sababu mwimbaji ana mafua na anataka wimbo ushuke. Mwimbaji ndiye atakayeifuata. Vivyo hivyo, kama kuna gitaa, orutu au nyatiti, nyuzi ndizo zikazwe au zilegezwe kuifuata kodiani. Wapigaji wawili wakitaka kucheza pamoja, waketi mapema wapige sauti moja ndefu kwa pamoja. Ikiwa sauti hiyo inayumba vibaya masikioni, kodiani zao hazikubaliani na hakuna mazoezi yatakayozipatanisha. Wacheze kwa kupokezana, mmoja ubeti huu, mwingine ubeti ufuatao.

Andikeni pia nani ana kodiani yake na nani anaazima. Itawasaidia mkifika kwenye orodha.

Pili, ukumbi na saa

Mvua ya Nakuru hupenda kuja alasiri, na ikipiga juu ya mabati matupu hakuna kodiani itakayosikika. Kwa hiyo ukiangalia ukumbi wa kanisa au wa shule, tazama juu kwanza. Tafuta wenye dari. Nakuru Players Theatre ina jukwaa halisi na ni mahali pa fahari, lakini kwa jioni ya kwanza ningechagua chumba kidogo zaidi, ambamo watu hamsini wanajaza na mpigaji anaona nyuso anazozijua. Ukumbi mkubwa wenye viti vitupu humvunja moyo anayeanza.

Uliza viti mapema. Viti vya plastiki vyenye mikono, ambavyo ndivyo vimejaa kila mahali, havifai kwa mpigaji kwa sababu mkono wa kiti unauzuia mvukuto, ile sehemu ya katikati inayovutwa na kusukumwa, kufunguka. Mnahitaji viti viwili vigumu visivyo na mikono, kimoja kirefu kidogo na kimoja cha mtoto. Hata benchi la shule ni bora kuliko sofa ya mchungaji.

Anzeni saa kumi na moja jioni na mkusudie kumaliza saa moja na nusu. Wa Njoro, Bahati na Rongai wapate matatu ya kurudi bila kukimbizana, na wazee wasitembee gizani. Kuna na sababu ya kisheria: kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kuanzia hapo kiwango kinachoruhusiwa kinashuka. Kama mtatumia spika kubwa, ulizeni ofisi ya kaunti kuhusu kibali wiki kadhaa kabla. Mwenye ukumbi naye aulizwe kama ana leseni ya kupigisha muziki hadharani. Wimbo hulindwa kisheria maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo msidhani kila wimbo wa zamani ni mali ya umma.

Tatu, orodha ya wapigaji

Hapa ndipo jioni hujengwa au kubomoka, na hapa ndipo ningeomba mtumie muda mwingi kuliko kitu kingine chochote.

Hesabu ni rahisi. Mpigaji mmoja, nyimbo moja au mbili, pamoja na kuingia, kukaa, kurekebisha mikanda na kutoka, ni dakika sita. Wapigaji 12 ni saa moja na dakika 12. Ongeza nusu saa ya chai katikati na nafasi ya kucheza ngoma, na jioni imejaa. Wakijitokeza 20, gawanyeni jioni mbili. Msiwabane watu, kwa maana atakayeharakishwa ni yuleyule wa mwisho kwenye orodha ambaye amesubiri kwa hofu tangu saa kumi na moja.

Nani aanze? Watu wengi humweka anayejifunza mwanzoni ili amalize haraka. Siafiki. Ukumbi bado ni baridi, watu wanaingia, mlango unagongagonga, na yeye ndiye hana nguvu ya kuushika. Aanze mtu wa kati, mwenye wimbo unaojulikana na mkono thabiti, awatulize watu. Anayejifunza awe wa pili au wa tatu, kabla hofu haijamla. Baada yake wekeni mtu wa wimbo mwepesi wa kuitikia, ili hata kama mambo hayakwenda vizuri, ukumbi usibaki kimya ukimtazama.

Wanaoazima kodiani moja wasifuatane. Kati yao awekwe mwenye kodiani yake, na wakati huo mtu nyuma ya jukwaa arefushe au afupishe mikanda kwa atakayefuata. Hili huokoa muda mwingi.

Sasa kuhusu mchanganyiko wa nyimbo. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na tangu hapo mji huu umekuwa wa watu waliotoka kila upande. Wakikuyu walileta mwomboko, ngoma iliyoshika kasi miaka ya 1940, kodiani mbele na karing'aring'a, ile pete ya chuma, ikigongwa kando yake. Wajaluo walikuja na onanda yao, yaani muziki wao wa kodiani, na nyimbo za sifa. Waluhya wana nyimbo za harusi na mdundo wa isukuti ambao kodiani huufuata kwa furaha. Kisha kuna tenzi za kanisani, ambazo ni za kila mtu. Watu hawa wanaishi ploti moja kule Kaptembwo na Free Area, lakini jioni zao za muziki mara nyingi huwa mbalimbali. Klabu ya kodiani inaweza kuwaketisha pamoja, kwa hiyo changanyeni. Msiweke mwomboko wote kabla ya chai na onanda yote baada yake, kwa kuwa nusu ya ukumbi itaondoka wakati wa mandazi. Mwomboko mmoja, utenzi mmoja, onanda, kisha mwomboko tena.

Mwomboko uchezwe, usisikilizwe tu. Acheni nafasi wazi mbele ya jukwaa ya jozi sita hivi, maana ile hatua mbili na kuinama inahitaji mahali. Wazee wanaoijua watainuka wenyewe, na vijana watawafuata. Ngoma hiyo iwe kabla tu ya mapumziko, watu waende chai wakiwa wamechangamka.

Mwisho kabisa awe fundi wenu mkubwa, kisha wimbo mmoja wa wote. Chagueni wimbo wenye sauti chache ambao hata anayejifunza anaweza kuupiga kwa vitufe vitatu.

Nne, mazoezi ya wiki ya mwisho

Wiki ya mwisho si ya kujifunza wimbo mpya. Mkutane mara moja ndani ya ukumbi wenyewe, kila mtu aingie, aketi, apige, atoke, kama itakavyokuwa.

Avae nguo atakazovaa. Mikono mipana ya kitenge huingia kwenye mvukuto, tai hubanwa, mkufu hugonga vitufe, na zipu ya jaketi huikwaruza kodiani. Ni afadhali kugundua hayo siku ya mazoezi.

Aketi nusu ya mbele ya kiti, mgongo wima, mvukuto uegemee paja la kushoto. Mikanda ya mabega isilegee, na ule wa mkono wa kushoto uukamate mkono vizuri, maana ukilegea kila badiliko la mvukuto linachelewa. Ajue wimbo wake unaanza kwa kuvuta au kwa kusukuma, na autayarishe mvukuto kwa kitufe cha hewa, kimyakimya, kabla watu hawajanyamaza. Wanaoanza husahau kitufe hiki. Unamwona mtu amefungua mvukuto hadi mwisho, hana pa kwenda, na wimbo umefika katikati.

Kisha mfunze jambo hili moja, hata kama hamtamfunza lingine. Akikosea, asisimame. Mkono wa kushoto uendelee na besi, wa kulia unyamaze, na kwenye ubeti unaofuata uingie tena. Wasikilizaji watadhani ni mapambo. Anayesimama na kuanza upya hufunza vidole vyake kusimama, na mara ya pili vitasimama palepale. Kwa hiyo kwenye mazoezi mkosesheni makusudi: mmoja akohoe, mwingine aangushe kijiko, naye aendelee na besi. Mkirudia hivyo jioni chache, hofu yake itapungua kwa sababu anajua atafanya nini ikitokea.

Anayesoma sol-fa kwenye karatasi aje na vibanio vya nguo, kwa ajili ya upepo wa dirishani na feni.

Tano, siku yenyewe

Kodiani ziwasili mapema. Ndimi zake, vile vipande vyembamba vinavyotetemeka na kutoa sauti, ni za chuma cha pua ngumu, na kwenye kodiani nyingi zimeshikizwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa msonobari. Nta hiyo hulainika kwa joto. Kuacha kodiani kwenye buti la gari lililoegeshwa juani saa saba mchana ni kuiharibu. Baridi nayo ina madhara yake: ukitoka na kodiani usiku wa Julai ukaingia nayo kwenye ukumbi uliojaa pumzi za watu, unyevu hutua juu ya ndimi na kuleta kutu. Iache ndani ya sanduku lake nusu saa izoee chumba, ndipo ufungue. Kwa wenzetu wa Kisumu, ambako hewa ya ziwa ni ya joto na unyevu, unyevu wenyewe ni wa kutahadhariwa mwaka mzima.

Kwenye bodaboda, abiria aibebe kodiani mgongoni, mvukuto ukiwa umefungwa kwa vifungo vyake. Asiifunge kwenye keria. Ikifika ukumbini isimame kwa miguu yake, isilazwe kifudifudi juu ya vibao, na iwe mbali na mahali watoto wanapopita.

Wekeni meza moja nyuma yenye bisibisi ndogo, brashi laini, kitambaa kikavu, plasta ya karatasi na mkanda wa akiba. Sauti ikikwama ikawa inalia bila kukoma, kitufe kichezwecheze kwa kidole mara kadhaa. Mara nyingi ni vumbi au kitu kimeingia chini yake. Ulimi ulionyamaza hupigwa polepole kwa kuvuta na kusukuma, na wakati mwingine unyoya uliokwama hutoka. Mvukuto unaovuja ufunikwe kwa plasta hadi kesho. Zaidi ya hapo, badilisheni kodiani. Usiku wa onyesho si wakati wa kuifungua na kugusa ndimi, hata kama kuna mtu anayeapa kwamba anajua.

Spika mnazihitaji? Kwa watu hamsini ndani ya ukumbi wenye dari, hapana. Kodiani ilitengenezwa ijaze chumba kwa pumzi yake. Anayehitaji maikrofoni ni mwimbaji na mshereheshaji. Mkilazimika kuiwekea kodiani, maikrofoni iwe upande wa kulia, kiasi cha urefu wa rula kutoka kwenye tundu za sauti, na nyingine ya kushoto iwe mbali zaidi kwa sababu upande huo husogea na mvukuto. Karing'aring'a isikae karibu na maikrofoni yoyote. Na stima ikipotea, msisimamishe kitu. Muwe na taa mbili za sola tayari, mshereheshaji apaze sauti, na wimbo uendelee.

Sita, mshereheshaji

Mchagueni mtu anayewapenda watu kuliko anavyopenda maikrofoni. Aongee na kila mpigaji kabla, amuulize mambo matatu: anataka kuitwaje, wimbo wake ni upi, aliupata wapi. Guka, babu wa Kikuyu, aitwe Guka, jaduong', mzee wa Kijaluo, aitwe jaduong', mwalimu aitwe Mwalimu, na mtoto aitwe jina lake kamili kwa heshima ileile. "Wimbo huu Mama aliusikia kwa babake akimtengea chai baada ya kukamua ng'ombe" ni utambulisho wa kutosha. Watu watasikiliza kwa namna nyingine.

Kuna maneno ambayo ningeyapiga marufuku kabisa: "Huyu ndiye anaanza, mtuvumilie." Unapoomba uvumilivu unawaambia wasikilizaji watege masikio kwa ajili ya makosa. Mpigaji naye asianze kwa kuomba radhi kwamba hajafanya mazoezi au kwamba kodiani si yake. Aketi, avute pumzi, apige. Akimaliza, afunge mvukuto, ainuke, ainame, apokee makofi hadi yaishe. Wengi hukimbia jukwaa makofi yakiwa bado yanalia. Mfunzeni kukaa.

Saba, tuzo na pakruok

Watu wa huku tukipendezwa tunatuza, na ni jambo zuri. Lakini sarafu isirushwe juu ya kodiani, na noti isisokomezwe kwenye mvukuto. Wekeni kikapu mbele ya jukwaa, mshereheshaji akitaje mara moja mwanzoni. Anayependa kutuma kwa M-Pesa apewe namba ya mweka hazina, ambaye ataandika kila kitu. Mkubaliane kabla kama tuzo ni ya mpigaji au ya klabu. Mimi nasema iwe ya mpigaji, hasa mtoto. Kiingilio ndicho cha klabu.

Pakruok inahitaji uangalifu wake. Kwenye onanda, msikilizaji akiguswa huusimamisha muziki, akajisifu au akamsifu rafiki yake kwa maneno matamu, akalipia, kisha muziki ukaendelea. Huo ni uhai wa muziki wa Kijaluo na sitaki uondolewe. Tatizo ni kwamba anayejifunza akisimamishwa katikati hawezi kupapata tena alipokuwa. Kwa hiyo tangazeni mapema kwamba pakruok ni kwa wapigaji waliozoea, na kwa wengine ije wimbo ukiisha. Wazee watakubali mkiwaeleza sababu. Mwekeni mzee mmoja awe msimamizi wa jambo hilo, na hakuna atakayembishia.

Kuhusu simu, kurekodi kuruhusiwe kwa anayekubali tu, na kwa mtoto aulizwe mzazi. Taa za simu zizimwe, maana zinampiga mpigaji machoni.

Nane, chai

Maziwa, tangawizi, mandazi, viazi vitamu na njugu. Visafishwe vikombe kabla ya sehemu ya pili kuanza, kelele za sufuria zisimfunike wa kwanza kupiga baada ya mapumziko. Mpigaji anawe mikono. Mafuta ya mandazi juu ya vitufe hukusanya vumbi.

Tisa, kesho yake

Kodiani za kuazima zipanguswe kwa kitambaa kikavu, zikaguliwe mbele ya wenyewe na zirudishwe siku hiyohiyo. Mwenye kodiani akiona imerudi safi na kwa wakati, ataiazimisha tena. Mweka hazina asome hesabu kwa wanachama wote ndani ya wiki, hata kama kilichobaki ni cha kununua mkanda mmoja tu.

Kisha mtu mmoja apewe daftari. Aandike kila wimbo uliopigwa, nani aliupiga, alijifunza kwa nani, na doh yake ilikuwa ipi. Nyimbo nyingi za mwomboko na onanda zinazopigwa mitaani kwetu hazijaandikwa popote. Zimo vidoleni mwa wazee. Mzee aliyepiga jana atembelewe mwezi huu, aombwe auchezee polepole wimbo wake, upande wa kulia peke yake, kisha besi peke yake, simu ikirekodi kwa idhini yake. Kijana wa klabu akae kando yake na kodiani ya pili, na wimbo huo uwe wa kwanza kwenye orodha yake ya jioni inayofuata.